Kile kichwa cha shaba cha dola milioni 70: tulicheka kitu tusichokielewa

Tangu Mei 2025 kuna stori moja haitoki kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hapa Kampala, kila ikipoa kuna mtu anairusha upya na komenti zinaanza tena. Ni ile ya kichwa cha bronzi, kazi ya mchongaji Alberto Giacometti, kilichopelekwa mnadani Sotheby's, New York, kikiwa kimekadiriwa zaidi ya dola milioni 70. Dalali akaita, dau likapanda mpaka dola milioni 64.25, likakwama hapohapo, nyundo ikagonga na kichwa kikarudi stoo bila mnunuzi. Hizo ni zaidi ya bilioni 230 za shilingi ya Uganda zimetajwa ukumbini na mali haikuuzwa. Kwenye grupu langu watu waligawanyika mara moja, wengine wakacheka wakisema hata wazungu wameamka, wamegundua walikuwa wananunua skrapa, wengine wakaja juu kwamba hizo ni zile shaba za Afrika zilizoibwa na zirudishwe kwao. Mi naona pande zote mbili zimekosea kitu kimoja, wanadhani kilichokuwa juu ya meza siku ile ni chuma. Chuma kilikuwa kidogo sana pale. Kilichokuwa kinauzwa ni namba na karatasi, yaani hii ni ya ngapi kati ya ngapi, imemiminwa lini, kiwanda gani, imepita mikononi mwa nani, na tukilielewa hilo tutaacha kucheka maana hapo ndipo Uganda tunapopoteza. Shaba tunayo, mafundi tunao, karatasi ndio hatuna.

Tuanze na kichwa chenyewe. Ni cha Diego, mdogo wake Giacometti, ambaye alikuwa modeli wake na pia fundi wake kwenye studio ndogo kabisa pale Paris, chumba ambacho ukilinganisha na vibanda vya Wandegeya hakijavizidi sana. Huyo Diego ndiye alikuwa anahangaika na kiwanda cha kumimina na rangi za juu za sanamu wakati kaka mtu anafinyanga udongo, anabomoa na kuanza upya. Kichwa ni cha 1955, kimeinuka nusu mita na ushee, ukikitazama kwa mbele ni chembamba kama upanga na ukikizunguka kwa pembeni kinakuwa uso mzima wa mtu. Na si kimoja. Viko sita vya namna hiyo, vimetoka kwenye umbo moja, na vingine vilishauzwa, kimoja kwenye nyumba nyingine ya mnada, Christie's, mwaka 2010 kwa dola milioni 53.3, kingine Sotheby's hukohuko 2013 kwa dola milioni 50. Hapo ndipo stori inabadilika. Anayesema "hakuna aliyekitaka" hajaangalia hizo bei mbili za nyuma. Mwenye mali aliomba bei ambayo ndugu zake wale wengine hawajawahi kufika, soko likamjibu kwamba hapo mzee umezidisha, basi. Ni kama mtu wa Najjera auze kiwanja milioni 200 wakati jirani zake wote wameuza 140, akikosa mteja hatusemi ardhi imekuwa uchafu.

Halafu kuna jambo la dhamana, ambalo kwenye magrupu sijaona hata mmoja akiligusa. Kwa vitu vikubwa vya namna hii nyumba ya mnada mara nyingi inamwahidi muuzaji kiasi fulani hata kama mnada utafeli, au inamtafuta mnunuzi mapema anayeweka dau lake lisilorudi nyuma, kwa hiyo siku ya mnada mnaona mchezo ambao mwisho wake ulishajulikana. Kile kichwa kiliingia ukumbini bila dhamana ya namna hiyo. Na zile milioni 64.25 zenyewe msizichukulie kama pesa za mtu aliyekaa pale na kadi mkononi, maana kwa kanuni zao dalali anaruhusiwa kutaja dau kwa niaba ya muuzaji ili kupandisha, alimradi asifike kwenye ile bei ya chini ya siri waliyokubaliana. Kwa kuangalia video tu huwezi kujua kama kulikuwa na binadamu upande wa pili. Sisi huku mnada tunaujua kwa sura nyingine kabisa, mnada kwetu ni wale mabroka wa korti wanaokuja na lori kuchukua friji ya mtu aliyeshindwa mkopo, kwa hiyo tukisikia kitu "kimekosa mtu mnadani" tunaelewa kwamba hakina thamani. Kule ni jukwaa, na kuanguka jukwaani kunaumiza jina la kitu kwa miaka kadhaa lakini hakukigeuzi kuwa skrapa.

Sasa inakuwaje kitu kimoja kiwe sita na vyote viwe halisi? Hili ndilo linawasumbua wengi, mtu anasema kama viko sita basi vitano ni feki. Inabidi kujua bronzi inavyotengenezwa. Bronzi ni shaba iliyochanganywa na madini ya bati kidogo, sio bati la mabati ya nyumba, namaanisha ile metali yenyewe. Msanii hachongi bronzi, hakuna patasi inayokata umbo la mtu kutoka kwenye bonge la bronzi. Anafinyanga udongo au plasta kwanza, kisha kwa njia inayotumika sana leo wanalizungushia mpira unaoshika kila alama ya kidole, huo mpira unakuwa kalibu. Ndani ya kalibu wanapaka nta, nta ikiganda wanaitoa ikiwa imebeba sura yote na katikati iko tupu, wanaibandika vijiti vya nta vya kupitishia metali na hewa, wanaifunika kwa tabaka za udongo mgumu, wanaitia motoni nta inayeyuka yote na kutoka, linabaki ganda lenye uwazi wa umbo lile. Hapo ndipo wanamimina bronzi ikiwa na joto la nyuzi elfu moja na mia na kitu. Ikipoa ganda linavunjwa kwa nyundo, vijiti vinakatwa, viungo vinapigwa msasa, mwisho inachomwa juujuu kwa gesi huku ikipakwa kemikali mpaka ipate ile rangi ya kahawia au kijani. Kwa hiyo kila nakala ina nta yake, ganda lake, moto wake na mkono wake wa mwisho, lakini kalibu ni ileile. Hakuna mama na watoto, wote ni mapacha.

Na kwa kuwa kalibu haichoki haraka, kitu pekee kinachozuia sanamu moja isiwe mia tano ni ahadi. Wafaransa walichoka na huo mchezo wakaiweka kwenye sheria, bronzi za asili mwisho 12, nane zenye namba na nne za msanii mwenyewe, zaidi ya hapo ni nakala tu na lazima iandikwe hivyo. Auguste Rodin, mchongaji wao maarufu, aliipa serikali ya Ufaransa kazi zake mwaka 1916, mwaka mmoja kabla hajafa, na jumba lake la makumbusho hadi leo lina haki ya kumimina bronzi zake. Degas, msanii mwingine wa Ufaransa, ndio wa ajabu zaidi. Ile sanamu yake ya binti mcheza dansi wa miaka 14 aliyevaa sketi ya kitambaa cha kweli, Degas aliionyesha ikiwa ya nta mwaka 1881 na hakuwahi kuimimina kwa bronzi maisha yake yote, akafa 1917, warithi ndio wakapeleka kiwandani, na mmoja wa hao mabinti wa bronzi aliuzwa Christie's Mei 2022 kwa dola milioni 41.6. Dola milioni 41 kwa bronzi ambayo msanii mwenyewe hakuiona. Unaweza kusema huo ni wendawazimu na mi sitakubishia sana, ila utaona kwamba wanunuzi hawakulipia jasho la msanii juu ya metali ile, walilipia mnyororo wa idhini, yaani warithi walikubali, na kiwanda kinajulikana.

Hoja ya "ni chuma tu" nitaimaliza haraka maana ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwaka 2025 shaba safi ilikuwa inacheza kwenye dola 10 kwa kilo, zikizidi au kupungua kidogo. Tuseme kile kichwa kina kilo 50, tena nimekuwa mkarimu, basi metali yake ni dola 500. Kama wanunuzi wangekuwa wananunua metali, bei isingefika hata elfu moja, achilia mbali kukwama kwenye milioni 64. Wanaonunua sanamu kwa bei ya metali wapo kweli, lakini ni wezi. Desemba 2005 pale Uingereza watu waliingia na lori lenye winchi kwenye uwanja wa taasisi ya mchongaji Henry Moore, wakabeba sanamu ya bronzi ya mtu aliyejilaza, tani mbili, yenye thamani ya kama pauni milioni tatu, na polisi wakaamini baadaye kwamba iliyeyushwa ikauzwa kama skrapa kwa kama pauni 1,500. Huku kwetu tunawajua hao jamaa, ndio walewale wanaofungua vyuma vya nguzo za umeme na kubeba mifuniko ya mitaro. Kwa hiyo kaka unayesema sanamu ni skrapa, umeshika hesabu ya mwizi, sio ya soko.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, kwamba haya ni mambo ya kusafisha pesa, matajiri wanafichiana hela kwenye vichwa vya shaba. Hapa siwezi kusema ni uongo. Soko la sanaa lilizoea usiri kwa miaka mingi, jina la mnunuzi halitajwi, kitu kinalala kwenye maghala yasiyotozwa ushuru, bei haina kipimo cha mizani kama kahawa. Ndio maana Uingereza Januari 2020 ilianza kuwalazimisha wauza sanaa kumjua mteja wao kwa biashara ya kuanzia euro 10,000. Lakini watu wanaoshika hoja hii wanairuka hatua moja, mnada wa hadharani ndiyo sehemu yenye mwanga kuliko zote kwenye biashara hiyo, bei inatajwa mbele ya watu na katalogi inachapishwa. Anayetaka kujificha ananunua pembeni. Na tena kama lengo lingekuwa kusafisha pesa kwa bei yoyote, kichwa cha Mei 2025 kisingekosa mtu.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa, ile ya rudisheni mali yetu. Kwa kitu hiki imekosea anwani, Giacometti alikuwa Mswisi aliyezaliwa 1901, akafanya kazi Paris, akafa 1966, kile kichwa hakikutoka Benin. Bronzi za ufalme wa Benin zilichukuliwa na jeshi la Waingereza 1897 kutoka ilipo Nigeria ya leo, na nyingi ukizipima ni shaba ya njano, lakini jina limeshazoeleka. Kuchanganya vitu hivi viwili kunatuumiza sisi wenyewe, maana siku tukidai kitu chetu kweli watatuona hatujui tunachodai. Na tunacho cha kudai. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wanachimba kilima cha Luzira walifukua kichwa cha udongo na vipande vya mwili, sanamu ya mtu ya zamani sana kuliko vyote tunavyovijua hapa, iko British Museum. Juni 2024 chuo cha Cambridge kilirudisha vitu 39 kwenye jumba letu la makumbusho pale Kitante, lakini someni vizuri, ni kwa mkopo wa miaka mitatu kwanza. Mkopo! Hiyo ndiyo vita ya kurudishiwa, ina ushahidi wake, na haihitaji kubebeshwa kichwa cha Diego.

Ila kuna chembe ya ukweli ndani ya hasira ile ambayo nisipoitaja nitakuwa naonea watu. Giacometti kijana, kwenye 1926 na 1927, alitengeneza mwanamke mwenye mwili kama kijiko kikubwa, na wazo hilo lilitoka kwenye vijiko vya mbao vya Wadan wa Côte d'Ivoire na Liberia. Wachongaji wa vijiko vile hakuna aliyeandika majina yao. Yeye ana jina, ana tarehe, ana namba kwenye kila nakala, ana taasisi Paris inayokaa na makaratasi yake na kusema hii ni yake hii siyo. Alichukua umbo, sawa, wasanii wote wanachukuana maumbo. Tofauti iliyobaki miaka mia baadaye ni nani alikuwa na mtu wa kumwandikia.

Na msidhani karatasi ni urembo wa wazungu. Ujerumani mwaka 2009 polisi walikamata stoo yenye mamia ya sanamu feki za Giacometti, na tapeli aliyekuwa anaziuza alijiita mtu wa ukoo wa kitukufu, akadai Diego alikuwa ameficha nakala za siri, mpaka akachapisha na kitabu cha uongo cha kuthibitisha. Huyo tapeli alielewa soko kuliko sisi kwenye grupu. Kumimina shaba nyembamba ya mtu anayetembea ni kazi ambayo fundi mzuri anaiweza, kwa hiyo hakuhangaika sana na shaba, alihangaika kufoji historia. Korti ikampeleka jela.

Sasa turudi nyumbani. Bronzi inataka shaba na bati. Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia 1956, reli ikafikishwa Kasese mwaka huohuo kwa ajili yake, mzigo ukavuka nchi nzima mpaka Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi ulipolala. Bati liko Mwirasandu kule Ntungamo. Yaani mali ghafi zote mbili za sanamu zinazopigiwa nyundo New York iko chini ya miguu ya watu wa magharibi mwa Uganda, na kwa miaka yote hiyo tuliiuza kama mzigo wa tani. Cha kufurahisha ni kwamba chini ya milima hiyohiyo ya Rwenzori, upande wa Kasese, leo kuna kiwanda cha kumimina bronzi za sanaa, Rwenzori Founders, kilichoanzishwa na watu wa Pangolin Editions ya Uingereza, na mmoja wa waanzilishi wa Pangolin, Rungwe Kingdon, ni mtoto wa Jonathan Kingdon aliyekuwa anafundisha sanaa Makerere. Vijana wa pale walifundishwa nta, ganda na moto, kazi zinatoka. Na ukitaka kuona moto wa bei rahisi nenda Katwe ya hapa Kampala, wale jamaa wanayeyusha vipuri vya aluminiamu vya magari na kumimina sufuria kwenye mchanga, mchana kutwa, miguu na kandambili. Mikono ipo.

Na wasanii wapo tangu zamani. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere 1937, na mwanafunzi wake Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, ndiye aliyetengeneza ile sanamu ya Uhuru ya 1962 pale karibu na Sheraton, mama aliyefungwa kamba miguuni na kiunoni anainua mtoto juu. Ni ya zege, sio bronzi, labda ndiyo iliyoiokoa na wauza skrapa. Waswisi walimweka Giacometti na mtu wake anayetembea kwenye noti ya faranga 100. Sisi je? Fungua waleti yako sasa hivi, noti zetu zilizoanza kutoka 2010 zote zina sanamu ya Maloba. Tunaikunja kila siku, tunalipia boda nayo, tunanunulia rolex ya chapati na mayai, na nikiuliza watu kumi kwenye stendi ya Namirembe Road ni nani aliyeitengeneza nitapata bahati nikisikia jina lake mara moja. Banange, Mswisi aliwekwa kwenye noti na jina lake juu, sisi tuliweka sanamu tukamwacha mwenye mikono nje.

Mtu atasema sawa, lakini kujulikana jina kunaleta unga nyumbani? Hapa ndipo namba na karatasi vinageuka kuwa pesa. Uingereza tangu 2006 kazi ya sanaa ikiuzwa tena kupitia mnada au dalali, msanii anakatiwa fungu lake, asilimia 4 kwa bei za mpaka pauni 50,000, linapungua jinsi bei inavyopanda na mwisho wake ni pauni 12,500, na tangu 2012 warithi wa msanii aliyekufa nao wanalipwa. Kazi ikiuzwa pauni 50,000 msanii anapata 2,000, hiyo ni karo ya shule ya mtoto kwa muda mrefu. Kenya waliingiza haki kama hiyo kwenye sheria yao ya hakimiliki mwaka 2019, asilimia 5. Na sisi hapo Kenya tuna ndugu wengi, kazi za Jak Katarikawe na Geoffrey Mukasa, Waganda wote wawili na wote marehemu, zimeshaonekana kwenye minada ya Nairobi iliyoanza 2013. Tatizo ni kwamba mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaiacha haki hii kuwa hiari ya kila nchi na unairuhusu nchi kumnyima raia wa taifa ambalo halina sheria ya namna hiyo, nipe nikupe. Mjadala wetu wa hakimiliki hapa umetekwa na wanamuziki, redio gani imepiga wimbo wa nani, kitu kizuri tu na wanastahili, lakini mchongaji hana wimbo wa kupigwa redioni, kazi yake inauzwa mara moja kwa bei ya njaa, kisha inauzwa tena na tena na watu wengine na yeye hayumo.

Tena hata sheria ikiletwa kesho asubuhi, inamlipa anayeweza kuonyesha kwamba hii ni kazi yake na ni ya namba fulani. Kwa mchoraji ni rahisi kidogo, picha ni moja. Kwa mtu wa bronzi bila daftari la namba hakuna kesi. Kalibu iko wapi, nani ameishika, ilitoa nakala ngapi, msanii akifa ni mtoto gani mwenye ruhusa ya kumimina tena au ni mwiko, haya ni maswali ambayo kwa Rodin yalijibiwa kabla hajaingia kaburini na kwa Degas yaliwafikisha warithi kiwandani. Kwetu mzee akifa kalibu inakuwa ya anayelala karibu na stoo. Najua kuna watakaosema namba ni mtego wa soko la wazungu, kwamba uhaba huo ni wa kutengeneza makusudi ili bei ipande. Ni kweli ni wa kutengeneza. Hata hati ya kiwanja ni karatasi ya kutengenezwa na kila mtu hapa anajua kinachompata mtu wa kibanja asiyekuwa nayo.

Wapo wanaotaka dawa iwe kujenga kiwanda kikubwa cha serikali cha bronzi, tuimimine sanamu ya Uhuru upya iwe ya metali, tupeleke kazi London. Mi hapo nasita. Kiwanda kinakula gesi, kinataka bati na shaba ambayo kwa sasa tunainunua kwa bei ya dunia kama wengine wote, na bila wanunuzi kitageuka kuwa sehemu ya kumimina vinyago vya faru kwa watalii. Kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2022 tulipopeleka banda letu la kwanza, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo wakarudi na tuzo ya kutajwa kwa heshima, hawakuwa wamebeba bronzi, Acaye alikuwa na ukindu na mikeka. Kwa hiyo metali sio pasi ya kuingilia. Kinachoweza kuanza kesho bila bajeti ya wizara ni vitu vya kuboa, muhuri wa chuma wa kugonga namba kwenye kisigino cha sanamu, daftari, picha za pande nne, karatasi mbili zilizosainiwa moja ya mnunuzi moja ya msanii, na mstari mmoja unaosema kalibu ni mali ya nani.

Nina rafiki mchongaji, jina lake nitaliacha. Miaka kadhaa iliyopita alimimina mwanamke aliyebeba mtungi, bronzi, kimo cha mkono hivi, akamuuzia mgeni mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, alilipwa keshi, wakapeana mikono, hakuna risiti wala picha. Nilipomtumia stori ya kile kichwa cha New York hakucheka kama wengine, alikaa kimya kama siku mbili kisha akanunua daftari la shilingi 3,000 na kuanza kuandika kazi zake zote. Ukurasa wa kwanza ameandika "mwanamke wa mtungi, 1 kati ya", halafu hakuna kitu, kwa sababu kalibu aliiacha kwa watu waliomsaidia kumimina na hajui wametoa ngapi.